Herufi za Maandazi

Kabla hujaliona duka lake, ulisikia plota. Ile mashine ya kukatia stika ilikuwa na sauti ya panya anayetafuna gunia la mpunga: krr, krr, kimya kidogo kana kwamba amesikia mtu, halafu krr tena. Ukiwa bado kwenye kona ya wauza ndizi pale Mbugani, mjini Kyela, hujaona mlango wala kibao, ulishajua kwamba shemeji yangu yuko kazini, na kwamba jioni hiyo kutakuwa na ukuta mmoja zaidi, au kifua kimoja zaidi cha mtu, kitakachobeba herufi zake. Sauti ile ilinikera tangu nilipokuwa sekondari. Siku nilipoifuata kwa miguu yangu mwenyewe, mkononi nina kipande cha karatasi chenye jina la baba yangu, tarehe zake mbili na mstari mmoja wa Zaburi, nilijihisi kama mtu anayempeleka ng'ombe wake kwa mchinjaji asiyemwamini.

Baba alikuwa amelala mwaka mzima chini ya udongo mtupu kule nyumbani Ngana. Sasa kaburi lilikuwa limejengewa, vigae vimepangwa, mchungaji ameshaambiwa Jumapili ya ibada. Lilibaki jiwe la jina. Na jiwe, mama alishasema, litaandikwa na mkamwana wake.

Huyo mkamwana ndiye shemeji yangu. Aliolewa na mtoto wa baba yangu mkubwa, na kwetu huyo ni kaka, hakuna neno la kumsogeza mbali zaidi ya hapo. Kwa hiyo baba yangu alikuwa baba mkwe wake, sawasawa na yule aliyemzaa mumewe. Hili nitalirudia, maana ndilo lililonishinda.

Nianze na herufi zenyewe, kwa kuwa mji mzima ulimjua kwa hizo kabla ya kumjua kwa sura. Zilikuwa herufi zilizoumuka. Watoto wa Mbugani waliziita herufi za maandazi na hawakukosea. Herufi a ilikuwa tumbo lenye mkia. Herufi e ilikuwa mdomo uliofunguka kwa kicheko cha mtu aliyelewa mchana. Herufi m ilikaa kama makalio ya watu wawili kwenye benchi moja, na s ilikuwa funza aliyeshiba. Nukta ya i haikuwa nukta, ilikuwa mpira uliorushwa juu ukasahau kushuka. Hakuna kona hata moja, hakuna mfupa. Ukizitazama kwa muda ulihisi mafuta kwenye kaakaa. Alizipata kwenye CD aliyouziwa na mfanyabiashara mmoja aliyevuka nayo mpaka wa Kasumulu, CD iliyojaa fonti za kila namna, za kifalme, za magazeti, za Biblia, na katika utajiri wote huo akachagua hizo, na hakuchagua tena.

Nitakuwa mwadilifu. Herufi hizo zina mahali pake. Kwenye ukuta wa shule ya chekechea, karibu na picha ya bata, sina neno. Kwenye sanduku la muuza askrimu zilikaa vizuri kuliko askrimu yenyewe. Keki ya mtoto anayetimiza miaka, duka la puto, chama cha akina mama wanaouza juisi, sawa. Kuna furaha ndogo isiyohitaji mfupa, na hiyo iwe na maandishi yake.

Lakini yeye alizimwaga kila mahali kama mtu anayemwaga maji machafu bila kutazama nani anapita. Tangazo la kipindupindu pale zahanati: CHEMSHA MAJI, na kila herufi inacheka. Tangazo la mnada wa shamba la mjane. Fulana za msiba, zenye picha ya marehemu na chini yake TUTAONANA BABA, ile mipira ya nukta ikiruka juu ya majina ya watu waliokufa kwa maumivu. Kule mtoni akaandika kibao cha HATARI, MAMBA, chini yake NI HATARI KUOGA HAPA, na ndani ya O ya KUOGA akaweka kijicho. Afisa mmoja aliyehamishiwa kwetu kutoka Tanga alisimama mbele ya kibao hicho na mkewe, wakapiga picha, kisha akauliza kiingilio cha kuwaona mamba hao kinalipwa wapi. Watu walicheka mwezi mzima. Mimi sikucheka. Nilimwona yule mke wake akiwa ameshavua kiatu kimoja.

Mwenyewe hakufanana na herufi zake hata kidogo. Alikuwa mwanamke mwenye kona kila mahali: viwiko, magoti, kidevu, hata mabega yalichomoza chini ya gauni kama vibanio. Alikunywa chai bila sukari. Alitafuna mbegu za kakao zilizokaushwa, chungu vile vile, akatema maganda kwenye kopo la wino lililokwisha. Hakubembeleza mteja. Alikuwa na ulimi ambao ungeweza kumenya muwa, na kwangu mimi aliutumia kwa uhuru wote ambao utani wa shemeji unaruhusu.

"Mwandishi amekuja," angesema nikitokea mlangoni. "Mpisheni. Huyu anaandika vitabu virefu ambavyo hata mama yake anavitumia kufunikia maziwa."

"Afadhali vyangu vinafunika maziwa, shemeji. Vyako vinayachachusha."

"Yakichacha si ndiyo mtindi? Kaa hapo, usinizibie mwanga."

Na wateja wote wakacheka, kwa sababu kwake kulikuwa na wateja daima, na kwa sababu kucheka pale dukani ilikuwa sehemu ya foleni.

Alikuwa na sheria moja ambayo hakuivunja kwa mtu yeyote. Kabla ya kuprinti au kukata, mteja alisimama mbele ya kompyuta na kusoma kazi yake yote kwa sauti. "Jicho linasamehe," alisema. "Mdomo hausamehe. Soma kwa sauti." Ukisoma kimya alikurudisha mwanzo. Bwana harusi mmoja, mtu mzima, fundi wa pikipiki, alilazimishwa kusoma mbele ya foleni maneno aliyomwandikia bibi harusi kwenye kadi, kuhusu macho yake na mwezi juu ya ziwa. Alipofika kwenye mwezi akakwama.

"Endelea," shemeji akamwambia. "Kama hapa unaona aibu, ukumbini utafanyaje?"

Hiyo ilikuwa nyepesi. Nyingine niliiona nikashindwa kula siku nzima. Mzee mmoja kutoka pwani ya ziwa, Mkisi kwa kabila, mvuvi, alikuja kuchukua programu ya mazishi ya mkewe. Akaambiwa asome. Akasoma wasifu, alikozaliwa marehemu, watoto, wajukuu, akafika kwenye jina lenyewe, lile jina kubwa lililoumuka katikati ya ukurasa kama unga uliozidishwa hamira, akanyamaza. Shemeji alikuwa anatafuna kakao yake.

"Hujamaliza, baba."

"Nimeliona, mama. Liko sawa."

"Sijauliza kama umeliona."

Mzee akalisoma. Sijui kama nimewahi kusikia jina likitamkwa vile, kama mtu anayeinua kitu kizito peke yake. Shemeji akabonyeza kitufe, printa ikaanza kutema karatasi, na juu ya kila karatasi mke wa mzee yule alikuwa anacheka kwa herufi zote. Nilitoka nje nikasimama kwenye jua. Nilijiambia kwamba huyu mwanamke hana mahali ndani yake ambapo jina la mtu linaweza kuuma.

Ukimuuliza kwa nini herufi zile, alikuwa na jibu la mfukoni. "Mvua ya Kyela huanzia kwenye kona." Maana yake ni kwamba stika yenye ncha kali hushikwa na maji kwenye ile ncha, ikainuka, ikabanduka, ilhali ya mviringo haina pa kushikwa. Alilisema kwa majivuno, akionyesha kidole mabango ya washindani wake yaliyobanduka nusu. Ni kweli kwa kiasi fulani, na ndiyo sababu lilinichukiza zaidi. Herufi zake zilidumu. Mkutano wa wakulima wa mpunga ulishafanyika, ukasahaulika, na mwenyekiti wake amekufa, lakini kwenye ukuta wa ghala bado unatualika kwa furaha, WOTE MNAKARIBISHWA. Mvua zetu, ambazo hula daraja na kung'oa migomba, zilishindwa kutusaidia.

Na mfupa wenyewe wa chuki yangu ulikuwa huu: baba hakuzipenda.

Baba alikuwa mpima kakao kwenye chama cha msingi. Alikuwa mtu wa mizani hadi kitandani. Aliweka gunia, akaondoa mkono, akangoja mpaka mkono wa mizani utulie kabisa, hata kama nje watu wanalalamika mvua inakuja, ndipo akatamka uzito, mara moja. Alizungumza vivyo hivyo. Kadi ya harusi ilipoletwa nyumbani, yenye herufi za maandazi, aliishika mbali na uso kama kitu kinachonuka, akauliza, "Hawa wanacheka nini?" Kisha akailaza kifudifudi chini ya redio. Alikwenda harusini na kutoa mchango wake. Kadi ilibaki kifudifudi. Nilirithi swali hilo kwake kuliko nilivyorithi shamba. Kila nilipopita zahanati, kila nilipovaa fulana ya msiba kwa kulazimishwa, nilimsikia: hawa wanacheka nini.

Sasa huyo huyo shemeji, aliyewalazimisha wajane kusoma, mbele ya baba yangu hakuwa na sauti.

Wageni wanaohamishiwa kwetu hushangaa wakisikia. Zamani mke wa Kinyakyusa alimkwepa baba mkwe wake kwa kila njia, tunaita ukutila. Hamtazami, hakai naye chumba kimoja, hapiti njia anayopita, hatamki jina lake. Makanisa yalishasema muda mrefu kwamba si lazima, na wakamwana wengi siku hizi wanawapa baba wakwe zao mkono na kuwasalimu kama watu. Shemeji alikataa kuacha. Kikohozi cha baba kikisikika kwenye kona ya njia, yeye, katikati ya sentensi, katikati ya tusi, alijitupa ndani ya migomba, khanga kichwani, uso kwenye shina, akasimama hivyo mpaka hatua zipotee. Nyumbani kwetu hakuwahi kuingia kwa mlango wa mbele. Alipita jikoni, akakaa jikoni, akaondoka kwa jikoni. Chakula alichopika kilimfikia baba kwa mikono ya watu wengine. Kuna kijiji ng'ambo ya mto ambacho jina lake linakaribiana na la baba. Yeye alikiita "kule kwa wauza samaki," na wateja wake wakajifunza kwamba wakitaka bango la huko lazima waliandike jina la kijiji wenyewe kwenye kompyuta, yeye akiwa amegeuka kutazama barabara.

Niliona ni mchezo wa kuigiza. Heshima gani hii, niliwaza, inayomficha uso mtu kwenye migomba na kumchora mtu mwingine kama andazi siku ya kufa kwake? Mama alisema niache. "Kila mtu ana pake pa kuogopea," alisema.

Jambo la pili lililonipa hasira lilikuwa kaburi la kaka. Mume wake alikufa miaka kadhaa kabla ya baba, na kaburi lake liko nyuma ya nyumba yao, chini ya mkakao. Wakati wa uhai wake shemeji alimwita kwa jina, jina tupu, kutoka upande mmoja wa jaruba la mpunga hadi mwingine, kwa sauti iliyowafanya wakwe zake wasage meno. Hakumwita baba fulani. Alipokufa akamwandikia jiwe. Na jiwe lile, kwa herufi zilizonyooka, nyembamba, zenye kona safi, lilikuwa maandishi mazuri kuliko yote niliyowahi kuyaona Kyela. Yalisimama kama watu wanaoimba wimbo wa kanisani bila kitabu. Nilipoliona mara ya kwanza nilikaa chini. Alijua, basi. Siku zote alijua. Kilicho kizuri alikiweka nyuma ya nyumba yake, na mji akauuzia maandazi.

Ndivyo nilivyokuwa nimejaa siku ile nilipofuata sauti ya plota hadi dukani. Kulikuwa na mama mmoja anayesubiri fulana za kwaya, na kijana wa bodaboda aliyetaka stika ya tangi.

"Mwandishi," shemeji akaanza.

"Leo sina utani, shemeji. Nimeleta ya mzee."

Akaacha kutafuna. Nikamnyooshea karatasi. Hakuifungua. Aliikunja mara moja zaidi, akaisukuma chini ya kibodi bila kuitazama, kama mtu anayeficha kisu.

"Nataka zilizonyooka," nikasema. "Kama za kaka. Usiniambie habari za mvua, fundi atachonga jiwe, halibanduki."

"Kaka yako ni kaka yako."

"Na baba ni nani? Kaka apate maandishi, baba apate maandazi?"

Mama wa kwaya akaguna. "Jamani, kwani maandazi yana ubaya gani? Ya mama yangu yamependeza."

"Sikuulizi wewe, mama, samahani. Nauliza huyu."

Shemeji alikuwa anatazama barabara. Nikazidi. "Mbona hunisomeshi? Wote unawasomesha. Nisimame hapa nisome kwa sauti, jina la mzee, foleni isikie?"

Kijana wa bodaboda akacheka, halafu akaona uso wa shemeji akaacha.

"Usilisome," alisema. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akiomba. "Nenda nyumbani, shemeji. Nitanyoosha ninachoweza kunyoosha."

Nilimwambia kwamba kama hawezi nitapeleka Kasumulu, kuna fundi anaandika milango ya malori, herufi zake zina adabu. Nikiwa nimeshafika kwa wauza ndizi ndipo plota ikaanza, krr, kimya, kimya kirefu, krr.

Mama aliposikia habari za Kasumulu aliweka ungo chini. "Jiwe la baba yako likaandikwe na watu wa malori, na mkamwana wake yupo? Mkamwana hapewi nafasi ya kumtazama baba mkwe akiwa hai. Hii ndiyo kazi yake moja."

"Atamfanya kichekesho, mama. Ibada nzima itatazama."

"Itatazama," mama alisema, akaendelea kupeta.

Kwa hiyo nilingoja. Ibada ilikuwa Jumapili, na fundi wa patasi alitakiwa kuja Jumamosi asubuhi kuchonga jiwe kwa kufuata stika. Likishachongwa limechongwa. Ijumaa mchana, mvua ikiwa imetua kidogo, nikasikia bajaji ya mizigo ikizima nje. Nilikwenda mlango wa mbele, nikaufungua wote. Shemeji alizunguka nyumba. Baba, aliyekuwa mwiko kwake, alikuwa chini ya vigae, hatua chache kutoka migombani, na yeye bado alipita jikoni.

Dereva aliliweka jiwe juu ya meza ya jikoni, akaondoka. Mama alikuwa kwenye kigoda na ungo wake.

"Ndaga, mwanangu," mama alimshukuru kwa Kinyakyusa.

"Ndaga, mama."

Nikaondoa gunia. Niseme ukweli kwamba nilifurahi. Tarehe mbili, zilizonyooka. Mstari wa Zaburi, umenyooka, kila ncha kali kama jani la mpunga. Zilikuwa herufi za kaka, au ndugu zao. Baba angeweza kuondoa mkono wake kwenye jiwe lile akangoja litulie. Halafu nikaona kwamba juu, mahali pa jina, hakuna kitu. Jiwe jeusi tupu.

"Jina liko wapi?"

Shemeji alitoa karatasi ya stika chini ya khanga yake, imefungwa kwa kitambaa. Akainyoosha kwangu, uso ameugeuzia mlango. Nikaifungua.

Zilikuwa zile zile. Tumbo lenye mkia. Kicheko. Mpira juu ya i. Jina la baba yangu, limeumuka.

Nikamgeukia. "Uliniahidi."

"Nilisema ninachoweza."

"Tarehe umeweza. Zaburi umeweza."

"Tarehe si yeye. Zaburi ni ya Mungu." Alisema akiutazama mlango, na sauti yake, ile ya kumenya muwa, ilikuwa ndogo. "Shemeji, sikiliza mara moja, kisha uamue unavyotaka. Alipokufa baba mkwe wa kwanza, mzazi wa mume wangu, kompyuta ilikuwa mpya kwangu. Wakasema bango la msiba nifanye mimi, mwingine hakuwepo. Jina nimeandikiwa kwenye karatasi. Kila fonti niliyoweka, yeye alikuwepo. Amekaa pale kwenye kioo ananitazama, na mimi sina mgomba wa kujificha. Nikashuka kwenye orodha ya fonti, nikashuka, nikafika kwenye hizi. Nikatazama, hakuna mtu. Yalikuwa maandazi. Basi nikayapanga maandazi moja moja mpaka yakaisha."

"Na mji mzima?"

"Msiba ulikuwa mkubwa. Kila aliyeliona bango akaja, nataka kama lile la mzee. Niwaambie nini, kwamba hizi ni za kujifichia? Nilizoea. Wakazoea."

Mama alikuwa ameacha kupeta.

Nilisimama na karatasi ile, na nikafikiri juu ya zahanati, na mamba, na mnada, na mke wa yule mvuvi. Khanga ambayo mwanamke mmoja alijifunika kichwani kwa ajili ya mzee mmoja, akaifunikia Kyela nzima, na sisi tukaivaa vifuani tukidhani ni furaha. Ningependa kusema kwamba hapo herufi zilianza kunipendeza. Hazikunipendeza. Zilinichukiza kama jana, na sasa ziliniuma pia, na kitu kinachochukiza kikiuma hakiwi kizuri kwa hilo.

"Nafasi nimekuachia," shemeji alisema. "Kasumulu si mbali. Mwenye adabu ya malori anaweza kuandika jina moja jioni hii."

"Bandika," mama akasema.

"Mama."

"Baba yako alijua. Unadhani hakujua ni nani aliyekuwa kwenye migomba? Miaka yote alikohoa kabla ya kona. Hakuwa na kifua yule. Alikuwa anampa muda."

Hilo sikulijua. Nilimkumbuka, mtu mzima mwenye mapafu mazima, akipita njiani na kukohoa kwenye kila kona kama mgonjwa, na upande wa pili khanga ikikimbia.

Nikapangusa jiwe kwa kiwiko cha shati. Nikabandua karatasi ya nyuma, nikalaza stika kwenye ile nafasi tupu, nikaikandamiza kutoka katikati kwenda nje kama nilivyomwona yeye akifanya, nikavuta plastiki ya juu taratibu. Herufi zikabaki. Hakuna hata moja iliyochanika. Kila tundu la a limesafishwa kwa sindano, na alilisafisha, najua, kwa jicho la pembeni. Chini yake tarehe na Zaburi zilisimama zimenyooka, na juu yao jina la baba lilikaa kama mtu aliyekuja kanisani na kofia ya sherehe. Lilikuwa baya kama nilivyojua litakuwa baya. Ibada nzima itatazama.

"Imekaa sawa?" shemeji akauuliza mlango.

"Imekaa sawa."

"Hakuna iliyopinda?"

"Hakuna."

Akavuta khanga juu ya kichwa. "Mimi sijalisoma. Nilipanga tu. Inawezekana nimeruka moja, inawezekana nimegeuza. Kesho patasi." Akatafuta kandambili zake kwa mguu, moja, kisha nyingine. "Lazima lisomwe, shemeji. Kwa sauti, herufi zote, usimeze. Kama kuna kosa nipigie nirudi na nyingine. Lakini ngoja kwanza nitoke."

Mama akaweka ungo sakafuni na kukaa wima, kama anavyokaa kanisani kabla ya somo. Nikainama juu ya jiwe. Nikaweka kidole chini ya herufi ya kwanza, nikajaza kifua pumzi, na kabla ya kufungua kinywa nikakohoa.

Nyuma ya shemeji mlango wa jikoni ukafungwa.